Kibe wa Kihara na Kioo Kilichofutwa Siku ya Kura

Kabla mstari wa kwanza wa karatasi hii haujasomwa, wale walioanza kuguna huko nyuma ya hema na waache, maana hakuna anayeweza kukanusha jambo ambalo bado hajalisikia, na mwenye shaka yake afadhali aiweke mfukoni mpaka mwisho, kisha aitoe akiwa na ushahidi, si akiwa na kikohozi cha kujifanya. Mtakayoyasikia yana tarehe na yana mahali, yameandikwa leo asubuhi, Ijumaa tarehe 26 Septemba 2025, hapa Kinoo, na Wamucii, shangazi wa marehemu, ambaye masomo yake yalikomea darasa la saba, lakini ameuza vioo kando ya Waiyaki Way kwa miaka arobaini na miwili, na hajawahi kumuuzia mtu kioo chenye ufa akamwambia ni mapambo. Kamati ya mazishi imempa dakika kumi na tano kuanzia saa sita kamili, naye atazitumia zote bila kuongeza hata moja, kwa sababu leo yupo mwingine mwenye saa yake, ambaye haombwi kungoja, na huyo mtamjua mbele.

Marehemu Kibe Kihara alizaliwa tarehe 3 Juni 1978 hapa hapa Kinoo, mtoto wa pekee wa marehemu Mzee Kihara, aliyekuwa mkulima, na marehemu Mama Veronicah, aliyefariki Novemba 1984 mtoto akiwa na miaka sita, na baba alipoona nyumba imekuwa kubwa kumshinda, alimleta mtoto kwa dada yake Wamucii akiwa na begi moja la nguo na kipande cha rula. Hakubembelezwa sana, kulikuwa na kazi, na kazi ya kwanza aliyofundishwa nyuma ya lile duka ni kufuta kioo: gazeti lililolowa spiriti, mkono unapanda juu, unashuka chini, juu, chini, bila kuzunguka kama anayesonga ugali, na mwishoni kidole gumba kinakandamiza kona ya kushoto ya chini na kupindwa mara moja, kwa sababu uchafu hukimbilia hapo. Kila mwenye duka la vioo ana mkono wake, na huo ndio mkono wa Wamucii, na anayesikiliza asiusahau, utarudi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1985 katika shule ya msingi ya hapa Kinoo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1992, akaenda shule ya bweni upande wa Kiambu kuanzia 1993 hadi 1996, ambako walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ana bidii ila anauliza maswali baada ya kengele, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1998 kusoma fizikia, akapata shahada ya kwanza mwaka 2002 na ya pili mwaka 2005. Katika mwaka huo wa 2002 alirudi nyumbani na miwani mbili za jua alizonunua kwa mchuuzi wa barabara ya Tom Mboya, zile wanazovaa madereva zinazokata mng'ao wa lami, akazing'oa vioo vyake mbele ya shangazi yake, ambaye siku zote alimwita Tata, akaweka kimoja juu ya kingine, akakizungusha polepole, na ule mwanga wa dirishani ukafifia, ukafifia, ukawa giza kabisa.

"Tata, ona, nimelizima Jua."

"Umevunja miwani mbili nzima," Tata akamwambia, "kuzima kitu kinachojizima chenyewe kila jioni."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaeleza, na alieleza vizuri, ndiyo maana hata wa darasa la saba anaweza kuwaeleza ninyi. Mwanga hutikisika unaposafiri, kama ile kamba watoto wanayoruka, ambayo unaweza kuitikisa juu na chini au upande kwa upande, na mwanga wa kawaida hutikisika kila upande kwa pamoja, ila ukipita kwenye kioo cha miwani ile, unabaki unaotikisika upande mmoja tu, basi ukiweka cha pili kimekingama, hakipiti kitu. Na Jua nalo lina madoa, na kila doa ni sumaku kubwa kuliko nchi hii mara nyingi, na mwanga unaotoka penye sumaku hutoka umepangwa mtikisiko wake, kwa hiyo mtu akipima mpangilio ule, anajua nguvu ya sumaku iliyo kule juu bila kuondoka Nairobi. Akiulizwa faida yake, alisema sumaku hizo zikikatika hurusha dhoruba zinazovuruga simu na ndege na umeme, na Tata akamwambia umeme wa Kinoo hauhitaji Jua kuvurugika.

Tarehe 15 Desemba 2007, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Peres, binti wa Mzee Ochola wa Ugenya, katika kanisa dogo la Loresho, majuma mawili kabla nchi haijawaka kwa ghasia za uchaguzi, na watu wa pande zote mbili wakasema ndoa hiyo haitafika Pasaka, nayo imefika miaka kumi na saba na miezi tisa, na baadhi ya waliosema wamo hemani humu, wameshakula. Walijaliwa watoto wawili, Kihara aliyezaliwa 2009 na Jackie aliyezaliwa 2012, na Peres amefanya kazi ya karani katika ofisi moja ya Upper Hill miaka yote hiyo, na kama si mshahara wake usiokosa tarehe, miaka miwili hii ya mwisho isingesimulika.

Kuhusu kazi, tarehe 1 Machi 2011 marehemu aliajiriwa katika kituo cha kutazama Jua kilichoko juu ya paa la jengo moja katikati ya jiji, kituo ambacho hakitatajwa jina kwa sababu baadhi ya wakubwa wake wamekaa hapa mstari wa mbele, na mkubwa wao ni Daktari Makau, yule mwenye tai ya kijani, karibu Daktari. Darubini ya pale haigeuki kufuata Jua kama shingo ya jogoo, ni bomba refu la chuma lililosimama wima na haliinamiki, na juu yake kuna kioo kinachogeuzwa saa baada ya saa kulidaka Jua popote lilipo na kulitupa chini ndani ya bomba, na hapo ndipo matata yote ya karatasi hii yanapoanzia, kwa sababu kioo nacho, kikiinama, huupanga mtikisiko wa mwanga kwa namna yake, halafu mpimaji aliye chini akiona mpangilio, hajui kama umetoka kwa Jua au umetoka kwa kioo. Muuza nyama yeyote hapa Kinoo analijua jambo hili: sahani ya mizani ikigandwa na mafuta, kila mteja atalipia mafuta yale, na mwenye haki huanza kwa kupima sahani tupu. Kazi ya Kibe, kwa miaka kumi na miwili, ilikuwa kupima sahani tupu, kuondoa uongo wa kioo ndani ya nambari kabla nambari haijaitwa ya Jua, kazi isiyopigiwa makofi, na aliifanya hata siku za sikukuu.

Siku moja ya sikukuu ilikuwa tarehe 9 Agosti 2022, siku ya kura, jiji limenyamaza, maduka yamefungwa, na shangazi yake alipomaliza kupiga kura alimpelekea githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe mpaka juu ya paa, kidole chake kingali na wino. Kibe alishuka ngazi kwenda kumtafuta bawabu wa jengo, akamwacha Tata peke yake kwa muda wa robo saa hivi, na mbele yake kukiwa na kioo kimejaa vumbi, kioo kichafu mbele ya mtu wa vioo, na mtu huyo, ambaye ni Wamucii huyu anayesoma, mwenye leso nyeusi, alikipulizia kioo kile pumzi mbili, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakifuta, juu, chini, juu, chini, na kona akaimaliza kwa kidole gumba. Aliona amesaidia. Kioo cha nyumbani kina rangi yake nyuma, mbele ni gilasi, ukikifuta unafuta gilasi, lakini kioo cha darubini kimepakwa madini mbele, utando mwembamba kuliko mvuke wa chai, na kitambaa cha mwanamke wa Kinoo kiliuchora mistari isiyoonekana kwa macho, mistari elfu nyingi, yote ikielekea upande mmoja, na kioo kilichochorwa namna hiyo huupanga mwanga zaidi kuliko kilivyoupanga jana yake. Hakumwambia Kibe, si kwa kuficha, ni kwa sababu mtu hasemi kila anachokifuta.

Kuanzia kesho yake darubini ile ilianza kuona sumaku ambazo hakuna mwingine duniani aliyeziona, kando ya doa dogo, zikiwa na nguvu ya kushangaza, na mwezi wa Oktoba 2022 Daktari Makau akalitangaza jambo hilo kwa jarida la ng'ambo, jina la Kibe likiwa la pili, na Kinoo nzima ikaja kunywa soda kwa Wamucii. Mwezi wa Februari 2023 Kibe aliielekeza darubini mahali ambapo Jua limelala, hakuna doa wala chochote, akakuta nambari ile ile, kisha akaona kwamba nambari inapanda asubuhi na kushuka adhuhuri kadiri kioo kinavyoinama na kuinuka, na sumaku ya Jua, alisema, haijui kama Nairobi ni saa tatu au saa sita. Tarehe 6 Machi aliingia ofisini kwa Daktari.

"Kibe, bwana," Daktari akasema, "yaani unakuja kuniambia ati tulitangazia dunia nzima uchafu wa kioo?"

"Ungekuwa uchafu, Daktari, tungekuwa salama."

Daktari Makau si mwizi wala si mwongo, ni mtu aliyeipenda habari njema kupita kiasi, na hilo si yeye peke yake. Kamati ya kituo ilikaa tarehe 18 Mei 2023, ikauliza kioo kilichokuwa kizima kwa miaka kumi na mmoja kiliguswa na nani, na Kibe akajibu maneno manne tu, "Ufunguo ulikuwa na mimi," na kamati ikaandika kwamba hakuna sababu ya kudhani kioo kina kosa, na kwamba huenda msomaji wa nambari ndiye aliyezipika, na mkataba wake ulipoisha tarehe 30 Juni haukurudiwa. Alipoliandikia jarida mwenyewe ili lisahihishe, lilimjibu kwa adabu kwamba asante, leta kipimo kinachoonyesha kosa ni la kioo. Hapa Kinoo nako, wale wale wa soda walisema, "Kijana wa Wamucii amefutwa kwa kuiba kioo," na mwingine, ambaye sauti yake inajulikana, akasema, "Si alilelewa na watu wa vioo, sasa mlitarajia aibe nini, kabeji?" Watu wakacheka. Alipita katikati ya kicheko hicho kila asubuhi akienda kununua maziwa.

Kioo chenyewe, kituo kilipoweka kipya Januari 2024, kilitupwa, na Joash, fundi wa kituo aliyestaafu mwaka huo huo, alikiokota kwa ruhusa ya maandishi, ambayo ipo, akakileta hapa ndani ya gunia. Kibe akajenga kile chumba cha mabati mnachokiona nyuma ya duka, akasimamisha bomba la chuma, akalimwagia saruji, akatoboa paa na kuweka kifuniko, na watu wakasema sasa kweli ameenda, amerukwa na akili. Hakuwa ameenda. Alikuwa anangoja jambo ambalo watu wa nchi za baridi hawana: mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, Jua husimama wima kabisa juu ya Kinoo, juu ya utosi, na kwa dakika mbili hivi mwanga wake huingia moja kwa moja ndani ya bomba lililosimama wima, bila kupita kwenye kioo chochote. Mwanga usio na kioo. Ukiupima huo, ukapima na ule wa siku hiyo hiyo uliopitia kioo kilichofutwa, ukatoa mmoja kwa mwingine, kinachobaki ni uongo wa kioo, wote, na hakuna kamati ya kuukataa. Machi 2024 bomba lilikuwa halijakauka saruji, Septemba 2024 likakutwa limeinama upana wa kidole, likang'olewa na kusimamishwa upya, na Machi tarehe 17 mwaka huu kila kitu kilikuwa tayari, ila mawingu ya masika yalifunika Jua tangu saa nne.

Walikaa mle chumbani wawili, shangazi na marehemu, mvua ikipiga mabati, hakuna cha kufanya, na Tata akachukua tochi akaimulika ubavuni mwa kioo kile, jinsi anavyomulika kioo kinachoshukiwa ufa, na hapo mistari ikajitokeza, juu, chini, juu, chini, na kwenye kona ya kushoto ya chini, duara dogo la kidole gumba.

"Kibe. Hii ni mkono yangu."

"Ni yako, Tata."

"Ulijua lini?"

"Ile siku ya kwanza nilikimulika. Umenifundisha mkono huo nikiwa na miaka sita."

"Na kamati ilipokuuliza?"

"Ningewaambia nini, Tata? Ati nilimwacha mtu wa vioo peke yake na kioo chafu, nikatarajia akiangalie tu?"

Akacheka. Tata hakucheka, na hajacheka tangu siku hiyo, na hasemi hivyo ili ahurumiwe, anaieleza tu sababu.

Tarehe 22 Aprili 2025 marehemu alipimwa katika hospitali moja ya Upper Hill akaambiwa ana saratani ya kongosho, na kwa kuwa aliishi kwa nambari aliomba apewe nambari yake, akaambiwa miezi, akauliza kama inafika Septemba. Mwezi wa Julai na wa Agosti alimfundisha shangazi yake kazi ile, yeye akiwa amelala kwenye kochi na Tata akiizungusha pete ya kupimia yenye kile kioo cha miwani na kijiwe chembamba kinachopitisha mwanga, nyuzi sifuri, thelathini, sitini, tisini, alama zimechorwa kwa rangi ya kucha ya Jackie, na akikosea anaambiwa, "Rudi sifuri, Tata, usikimbie," mara arobaini kwa siku, mpaka mikono ikajua bila kichwa. Hakufika. Alifariki Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkewe Peres akiwa ameushika mguu wake, siku saba kabla ya Jua lake.

Kamati ya mazishi ilipochagua leo, Wamucii aliomba wasogeze siku moja, akajibiwa kwamba chakula kimeshaagizwa, na mzee mmoja akamwambia, "Mama, Jua si litakuja tena Machi?" Litakuja, mzee, lakini utando wa kioo unaliwa na hewa kila mwezi, mistari inafifia, na Machi kitakuwa kioo kingine, kisichomhukumu wala kumtetea mtu. Ni Peres aliyemaliza ubishi huo: "Tata, usiahirishe mazishi, wala usiahirishe Jua. Kaburi ni saa nane. Jua ni saa sita na dakika ishirini na nne. Kila mmoja ana zamu yake."

Kwa hiyo mjue kwa nini kiti cha Joash ni kitupu, yuko ndani tangu saa tatu, ameshapima kwa njia ya kioo, anangoja mkono wa kuzungusha pete. Na mjue pia kwamba Wamucii hajui nambari zitasema nini. Huenda zikasema kosa lote ni la kitambaa chake, na jina la Kibe litoke safi kwenye jarida lile lile, na la shangazi yake liandikwe chini, mwanamke wa Kinoo aliyefuta kioo, darasa la saba. Huenda zikasema kitambaa ni nusu tu na nusu ni kosa la Kibe mwenyewe, basi nalo litaandikwa, maana hakumlea mtu wa kupunguza mizani upande wake. Huenda wingu likapita, na hapo hakutakuwa na la kuandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Upper Hill, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsogezea kitanda dirishani bila kuuliza sababu, inawashukuru majirani wa Kinoo kwa viti, sufuria na hata maneno yao, kwa kuwa yalimfanya mtu aamke mapema, inawashukuru ndugu wa Ugenya waliosafiri tangu jana, na wafanyakazi wenzake waliokuja leo bila kuagizwa. Daktari Makau, wewe ulimletea marehemu machungwa mwezi wa Agosti ukashindwa kusema ulilokuja kusema, na hakuna anayekudai useme sasa. Mle ndani kuna kigoda cha tatu, na mashahidi wawili si sawa na watatu, ila kazi ile hutaka giza, na mlango ukishafungwa haufunguliwi kwa mkubwa wala kwa mdogo mpaka dakika zile mbili ziishe.

Pumzika, Kibe wa Kihara, kwa amani uliyonyimwa ukiwa macho, wewe umefika sifuri, umemaliza, Tata bado. Saa sita na robo. Wimbo mkiuimba uimbeni polepole, msitingishe saruji. Karatasi hii inabaki juu ya jeneza, anayetaka kuhakikisha tarehe aje azisome, na Wamucii anatoka hemani, anapita nyuma ya duka, hamgojei mtu wa tai wala wa leso, anaingia kwenye chumba cha mabati, na mlango anaufunga.